Betri ya Akiba Itadumu Saa Ngapi?

Ndugu msomaji, taa ya chemli ilikuwa na uungwana wake. Ukitaka kujua kama mafuta yatafika alfajiri, uliitikisa kidogo ukasikia mlio wa yaliyobaki. Mshumaa nao haufichi kitu, maana urefu wake ni umri wake. Hata gunia la mkaa, mama wa nyumba hulitupia jicho mara moja akajua kama litafika mwisho wa mwezi. Betri haina uungwana huo. Ni sanduku lililofungwa pande zote, lenye uzito uleule likiwa limejaa ama likiwa tupu, nalo hukaa kimya pembeni mwa ukuta hadi saa litakapoamua kuzimika.

Wengi wetu tunakumbuka betri za redio zilivyoanikwa juani juu ya bati. Zilipopata joto na mapumziko zilirudisha nguvu kidogo, taarifa ya habari ikasikika vizuri kwa dakika kadhaa, kisha sauti ya mtangazaji ikaanza kufifia mithili ya mtu anayeondoka huku akizungumza. Redio ikinyamaza hasara ilikuwa ndogo, kwani jirani alikuwa na yake. Siku hizi tumezikabidhi betri mambo mazito zaidi ya taarifa ya habari, na kwa sababu hiyo nimeona ni vema tuketi pamoja tufanye hesabu.

Sina haja ya kukueleza kwa nini familia nyingi za mjini zimenunua betri. Mgao wa umeme wa mwaka 2006, uliofuatia ukame na kupungua kwa maji katika mabwawa, uliwafunza watu wazima. Mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022 ukawafunza na vijana. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Hata hivyo, wingi wa umeme bwawani hauizuii nguzo kuanguka wakati wa masika, wala transfoma ya mtaa kuungua usiku. Maadam waya unaweza kukatika, mwenye shughuli isiyoweza kusimama hana budi kuwa na akiba.

Nyumbani kwangu shughuli isiyoweza kusimama ni pumzi ya Mama. Mapafu yake yamechoka, na daktari ameagiza atumie mashine inayochuja hewa ya chumbani na kumpatia oksijeni kupitia mpira mwembamba wa puani. Hulala nayo usiku na hukaa nayo sehemu kubwa ya mchana. Mashine hiyo hula umeme wa wati 300 hivi, bila kupumzika. Ilipoingia nyumbani, mishumaa na chemli vilitoka chumbani humo siku hiyohiyo, kwa kuwa palipo na oksijeni nyingi moto mdogo huwa mkubwa kwa kufumba na kufumbua. Basi umeme ukikatika, taa ni ya betri, na pumzi nayo ni ya betri.

Nilipokwenda kutafuta betri, muuzaji mmoja alinionyesha mbili za volti 12, kila moja imeandikwa ampea-saa 100. Akachukua kikokotoo. “Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1,200,” akasema. “Mbili ni 2,400. Gawanya kwa wati 300 za mashine ya mzazi wetu, unapata saa 8. Hata usingizi utakutosha, ndugu yangu.” Kuzidisha kwake kulikuwa sahihi na kugawanya kwake kulikuwa sahihi, lakini jibu lake halikuwa la kweli. Nilimshukuru, nikaomba karatasi ya maelezo ya betri hizo, nikaenda kukaa na fundi wa umeme wa mtaani kwetu. Hayo niliyoyachambua pamoja naye ndiyo ninayokuletea leo.

Jambo la kwanza ni inveta, yaani kile chombo kinachoubadili umeme wa betri ufanane na umeme wa ukutani. Inveta hufanya kazi hiyo kwa ujira, na ujira wake huukata katika betri. Aghalabu katika kila wati 100 zinazotoka kwenye betri, ni kama 85 tu zinazofika kwenye chombo; nyingine hupotea kuwa joto. Ili mashine ipate wati 300, betri hulazimika kutoa kama 353. Gawanya kwa volti 12, utaona kuwa karibu ampea 30 zinatoka kila wakati. Ampea-saa 200 zikigawanywa kwa 30 hutupa saa 6 na dakika 40. Kabla hatujafika mbali, zile saa 8 zimekwisha kupungua.

Jambo la pili ni kasi ya kukamua. Ile namba 100 iliyoandikwa ubavuni mwa betri ya asidi na risasi ni ahadi yenye masharti, na kwa kawaida sharti lake ni kwamba umeme utolewe polepole kwa muda wa saa 20, yaani ampea 5 tu. Ukiivuta kwa nguvu zaidi, betri haitakupa zote 100. Mjerumani mmoja, Wilhelm Peukert, aliliandikia jambo hili kanuni mwaka 1897, nayo inatumika hadi leo. Kwa maneno mepesi kanuni hiyo yasema kuwa ukiongeza mzigo mara mbili, muda hupungua zaidi ya nusu. Betri ya ampea-saa 100 ikikamuliwa ampea 25 haitadumu saa 4. Itadumu saa 3 hivi, ikizidi ama kupungua kidogo kulingana na aina yake. Kwa betri zetu mbili zinazogawana ampea 30, kila moja ikibeba 15, zile saa 6 na dakika 40 hushuka kuwa kama saa 5 na dakika 20.

Jambo la tatu ndilo ambalo wauzaji wengi hulipita kimya. Betri ya asidi na risasi haipendi kumalizwa. Kila inapokaushwa hadi mwisho, vibamba vyake vya risasi huumia, na baada ya kuumizwa hivyo mara nyingi hufa kabla ya wakati wake. Ndiyo maana mafundi waaminifu hushauri utumie nusu tu ya kilichomo, kisha uirudishe kwenye chaji. Nusu ya saa 5 na dakika 20 ni saa 2 na dakika 40. Na betri ya gari isikudanganye kwa bei yake. Hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, vibamba vyake ni vyembamba, na ukiifanya mfanyakazi wa zamu ya usiku haitachukua muda mrefu kukuaga.

Jambo la nne ni umri. Wahenga walisema akiba haiozi. Waliosema hivyo walikuwa na nafaka na fedha mawazoni, kwani akiba ya betri huoza. Hata isipoguswa huvuja chaji yake polepole, na ikiachwa bila kujazwa hujengeka ndani yake ukoko mgumu unaoziba vibamba. Joto nalo huharakisha uzee. Kanuni ya jumla ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha ya betri hiyo kwa karibu nusu. Nawe ndugu msomaji wa Dar es Salaam au Tanga hunihitaji nikueleze habari za joto. Betri huhesabiwa kuwa imezeeka inapobakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Ikifika hapo, zile saa 2 na dakika 40 huwa ni saa 2 na dakika chache.

Tazama basi tulikoanzia na tulikofika. Muuzaji alisema saa 8. Hesabu inasema saa 5 na kitu kama betri ni mpya na ukiikamua bila huruma, saa 2 na dakika 40 ukiitumia kwa adabu, na saa 2 itakapozeeka. Mtu anayelala akiamini ana saa 8, ilhali anazo 5, ataamshwa usiku wa manane na ukimya wa mashine.

Lakini hesabu ya karatasi ni ahadi nyingine tu hadi ipimwe. Tulichagua siku ya Jumamosi mchana, umeme ukiwapo na Mama akipumua kwa umeme wa ukutani kama kawaida, maana jaribio la namna hii halifanywi juu ya mgonjwa. Betri zilikuwa zimechajiwa usiku kucha, kisha zikapumzishwa saa kadhaa; kipimo kikasoma volti 12.7. Mahali pa mashine tuliweka balbu 5 za zamani, zile za waya unaowaka, za wati 60 kila moja, ili mzigo uwe wati 300 kamili. Tukawasha, nikaandika saa kwenye daftari, na kila baada ya nusu saa nikaandika kipimo. Tulipotimiza saa 2 na nusu tukazima, tukaziacha betri zipumzike hadi jioni, tukapima tena. Kipimo kilisoma volti 12.2. Kwa betri ya namna hii iliyopumzika, volti 12.2 ni nusu, sawasawa na ilivyotabiri hesabu.

Nasisitiza neno kupumzika. Betri ikipimwa inapobeba mzigo huonekana dhaifu kuliko ilivyo; ikipimwa mara tu baada ya kuchajiwa huonekana shujaa kuliko ilivyo. Ni yaleyale ya betri za redio zilizotoka juani. Ukitaka ukweli wake, iache itulie saa kadhaa bila mzigo wala chaja. Ikisoma kati ya 12.6 na 12.8 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 11.9 imekaribia kuisha, nawe usiichezee tena hadi ichajiwe.

Labda utauliza, je, betri za lithiamu? Swali zuri. Zile za lithiamu na chuma zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani huvumilia kutumiwa asilimia 80 na zaidi bila kuumia, na haziadhibu sana mzigo mkubwa. Mbili za volti 12.8 na ampea-saa 100 kila moja zina wati-saa 2,560. Chukua asilimia 80, toa ujira wa inveta, mashine ya wati 300 itakwenda karibu saa 6. Ni zaidi ya mara mbili ya zile za risasi zikitumiwa kwa adabu, na bei yake nayo iko juu. Lakini zina tabia moja ya kuangaliwa. Volti zake hukaa palepale karibu muda wote, kisha huporomoka ghafla mwishoni. Kwa hiyo kipimo cha volti hakikusaidii sana. Hapo ni saa ya ukutani na daftari, ama kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta mjadala mkali nyumbani kuliko hesabu zote. Umeme ulipokatika jioni moja, vijana walitaka mechi iendelee kwenye luninga, na feni izunguke kwa sababu ya joto. Luninga wati 60, feni wati 60. “Ni vitu vidogo,” wakasema. Tukafungua daftari. Mzigo ukipanda kutoka wati 300 hadi 420, zile saa 2 na dakika 40 hushuka kuwa saa 1 na dakika 50. Vitu vidogo hivyo viwili vinakula dakika 50 za pumzi ya bibi yao. Sikuhitaji kusema neno la pili. Mkubwa wao ndiye aliyeinuka akachomoa waya wa luninga. Tangu siku hiyo imekuwa sheria kwamba umeme ukikatika, betri hizo ni za mashine na balbu moja ya wati 9 tu. Mama mwenyewe, akisikiliza kitandani, alisema, “Basi wanangu, mechi mtanisimulia mimi kesho.”

Nyumba nyingi hazina mashine kama yetu, nazo hesabu yao ni nyepesi zaidi, ila njia ni ileile. Chukua balbu 4 za wati 9, feni moja ya wati 50 na wati 10 za kuchaji simu. Jumla ni wati 96. Kwa betri moja ya risasi ya ampea-saa 100, ukiheshimu nusu yake, utapata kama saa 4 na nusu. Jokofu ni jambo jingine, maana mota yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa, na inveta ndogo inaweza kushindwa papo hapo hata kama betri imejaa. Soma wati za kila chombo kwenye kibandiko chake, jumlisha, kisha ukate yale mambo manne. Kama umechoka kupiga hesabu, chukua jibu la muuzaji uligawanye kwa tatu. Hutakuwa mbali sana na ukweli wa betri ya risasi iliyobebeshwa mzigo mzito.

Usisahau na upande wa kujaza. Tukishatumia nusu ya betri zetu, yaani ampea-saa 100, chaja ya ampea 20 huhitaji saa 5 kwa karatasi, lakini kwa kweli ni saa 7 ama 8, kwa kuwa betri ya risasi hujazwa polepole inapokaribia mwisho. Umeme ukirudi kwa saa 3 na kukatika tena, usiku wa pili hauanzi na saa zilezile za usiku wa kwanza. Siku za mgao, hilo ndilo huwashangaza wengi. Na betri za risasi zisiwekwe chumba cha kulala. Zinapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, basi ziwe mahali penye hewa, mbali na moto, na mbali na mikono ya watoto.

Wahenga hao hao walisema pia kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Daftari letu limefungwa kwa kamba karibu na inveta. Lina tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, na kipimo cha betri baada ya kupumzika. Kila baada ya miezi mitatu tunarudia jaribio la balbu tano, na siku muda utakaposhuka chini ya saa 2 tutajua kuwa fedha za betri mpya zinatakiwa, kabla ya betri zenyewe kutuambia kwa njia yake.

Na sasa, ndugu msomaji, niseme faida kubwa ya hesabu yote hii. Namba ya saa za betri haitafutwi ili mtu ajue mashine itazimika lini; inatafutwa ili ajue aanze kuchukua hatua lini. Kwetu ubavuni mwa kitanda upo mtungi wa oksijeni wenye lita 1,360. Mama hutumia lita 2 kwa dakika, kwa hiyo mtungi uliojaa ni dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Tena mtungi una uungwana ambao betri haina, kwa kuwa juu yake ipo geji, na yeyote mwenye macho anaweza kuisoma. Basi utaratibu wetu ni huu: umeme ukikatika, saa huandikwa. Ikipita saa 1 na nusu bila umeme kurudi, anayelala karibu na Mama huamshwa, geji ya mtungi husomwa, na simu hupigwa kwa jirani mwenye gari ili asilale na ufunguo mbali. Zikitimia saa 2 na nusu, mpira wa puani unahamishiwa kwenye mtungi, taratibu, mikono ikiwa haitetemeki, na betri inabakiwa na nusu yake kwa ajili ya dharura ambayo hatukuitazamia. Mtungi ukifika nusu na umeme bado haujarudi, hatungoji tena. Tunakwenda hospitali kungali na saa 5 mkononi, safari ambayo huchukua dakika 40.

Kila mtu wa nyumba ile, pamoja na mdogo wa miaka 9, anaujua utaratibu huo kwa moyo. Kama nyumbani kwako yupo mtu ama kitu kinachotegemea betri, iwe ni pumzi ya mgonjwa, dawa za sukari kwenye jokofu, ama cherehani ya umeme inayowalisha watoto, tafuta Jumamosi moja mchana umeme ukiwapo. Chukua balbu, saa na daftari, upime mwenyewe.